Taa za xenon na taa nyingine kali za gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzishughulikia kwa usalama

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye gari anayetaka kubadilisha balbu kwa mkono wake. Wa pili ni fundi aliyeizoea halojeni kwa miaka mingi, kisha akaletewa gari lenye xenon. Majibu ni yale yale kwa wote wawili, kwa kuwa umeme haumuulizi mtu cheti. Xenon imechukua nafasi kubwa zaidi hapa kwa sababu ndiko hatari nyingi ziliko. LED na leza zinafuata baadaye.

Xenon, HID na taa za gesi ni kitu kimoja?

Ndiyo. HID ni kifupi cha Kiingereza, high-intensity discharge, jina jingine la taa hizo hizo. Balbu ya halojeni ina waya mwembamba wa tungsteni unaopashwa moto mpaka unang'aa. Xenon haina waya huo. Ina kibomba kidogo cha kwatzi chenye ncha mbili za tungsteni zilizoachana kwa milimita 4 hivi, na ndani yake mna gesi ya xenon pamoja na chumvi za metali. Umeme huruka kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukoma, na mwanga hutoka kwenye mruko huo. BMW ilianza kuzifunga kwenye magari ya mfululizo wa 7 mwaka 1991, na baadaye zikaenea kwa watengenezaji wengine.

Tofauti ya mwanga si ndogo. Balbu ya halojeni ya H7 hula wati 55 na kutoa lumeni 1500 hivi. Balbu ya xenon ya D2S hula wati 35 na kutoa lumeni zipatazo 3200. Yaani inakula kidogo na kutoa zaidi ya maradufu.

Betri ya gari ni volti 12 tu. Hatari inatoka wapi?

Inatoka kwenye balasti, kile kiboksi cha chuma kilichofungwa chini au nyuma ya taa. Ili umeme uruke mara ya kwanza ndani ya gesi iliyo baridi, panahitajika msukumo wa volti 20,000 hadi 25,000. Balasti na kiwashio chake huuzalisha msukumo huo kutokana na volti 12 za betri, au 24 kwenye malori.

Wengi huishia hapo na kudhani kwamba taa ikishawaka hatari imekwisha. Haijaisha. Baada ya kuwaka, balbu za D1 na D2 huendelea kutumia volti 85 hivi, na zile za D3 na D4 volti 42 hivi, za umeme unaogeuka mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde. Volti 85 kwenye mkono wenye jasho au gari lililotoka kuoshwa si jambo la kuchezea.

Pia kuna madhara yasiyotokana na umeme wenyewe. Mtu akipigwa shoti hujirusha bila kutaka, na pale mbele ya gari pana boneti juu ya kichwa, feni mbele ya mkono na bati lenye makali pande zote.

Nitajuaje kama gari langu lina xenon?

Soma maandishi madogo kwenye kioo cha taa. Kwenye taa zilizothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, zenye herufi E ndani ya duara, utaona DC, DR au DCR kama ni ya gesi, na HC, HR au HCR kama ni ya halojeni. Ukifungua boneti, nyuma ya taa ya xenon kwa kawaida kuna kibandiko cha onyo chenye alama ya radi.

Namna inavyowaka nayo inasema mengi. Xenon hutoa mmweko mmoja, rangi yake huyumba kwa sekunde chache, kisha hutulia kwenye weupe. Halojeni huwaka kamili papo hapo.

Vile vijimdomo vya kurushia maji kwenye taa si ushahidi tosha. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa huvidai pale chanzo cha mwanga wa chini kinapozidi lumeni 2000, na ndiyo maana watengenezaji walileta balbu za wati 25, D5S na D8S, zisizovuka kiwango hicho.

D1S, D2R, D3S: hizi herufi zina kazi gani?

Zina kazi kubwa. S ni ya taa yenye lenzi ya duara mbele, R ni ya taa yenye kiakisi peke yake. Kwenye kioo cha R kuna sehemu zilizopakwa rangi ya kuzuia mwanga usiende kusikotakiwa. Ukiweka S mahali pa R, mwanga huo utaishia machoni mwa anayekuja mbele yako.

Kuhusu namba, 1 na 3 zina kiwashio kilichoungana na balbu yenyewe, ndiyo maana kitako chake ni kiboksi cha chuma. Namba 2 na 4 kiwashio chake kiko pembeni. D1 na D2 zina zebaki, D3 na D4 hazina. Kwa kuwa volti zake hazifanani, watengenezaji wameweka vijino tofauti kwenye vitako ili zisiingiliane. Wapo wanaovikata vijino hivyo kwa tupa ili balbu iingie. Balbu itaingia kweli, na pengine itawaka, lakini utakuwa umeilazimisha balasti ifanye kazi isiyo yake.

Naweza kuibadilisha mwenyewe?

Inategemea gari. Fungua kitabu cha gari usome kinavyosema. Kikikuelekeza namna ya kuitoa balbu, na mkono wako ukafika nyuma ya taa bila kulazimisha, ni kazi ya mtu makini asiye na haraka. Kikisema gari lipelekwe kwa fundi, lipeleke kwa fundi. Kwenye magari mengi lazima bampa litoke ndipo taa itoke. Karibu na bampa kuna vihisio vya mifuko ya hewa, nyaya za rada au kamera, na klipu za plastiki zinazovunjika kwa kutazamwa. Hapo kazi si ya balbu tena.

Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiifanye kazi hii kabisa, hata kama ni fundi. Mipigo ya umeme ya balasti inaweza kukivuruga kifaa chake.

Kabla ya kugusa chochote nifanye nini?

Zima injini, zima taa, toa ufunguo. Kama gari ni la kuwasha kwa kitufe, upeleke ufunguo mbali, usiuache mfukoni. Hii si tahadhari ya kupita kiasi: magari mengi huwasha taa zenyewe pakiwa na giza, mengine huziwasha mlango ukifunguliwa, au yakihisi tu kwamba mwenye ufunguo amesogea. Uko umeinama nyuma ya taa gerejini penye kivuli, na gari linakukaribisha nyumbani kwa volti 25,000.

Kwa hiyo swichi haitoshi. Chomoa kichwa cha hasi cha betri, ukisogeze pembeni na kukifunika kwa kitambaa kikavu kisijirudie. Anza na hasi daima. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, itapiga cheche, na betri ya asidi hutoa haidrojeni inayolipuka. Kabla ya hapo hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama inahitajika, na kwamba hutajifungia buti lenye ufunguo ndani.

Kisha ngoja. Balasti huhifadhi chaji kwa muda mfupi, lakini kinachochukua muda mrefu ni joto. Kibomba cha ndani hufika mamia ya digrii taa ikiwaka, na hata kioo cha nje kinaweza kukuachia kovu. Nusu saa haikupotezei kitu. Itumie kuvua pete, saa na bangili, na kusafisha sehemu utakayoweka balbu mpya.

Gari liwe pakavu. Kama limetoka kuoshwa, lifute na liache likauke, hasa plagi zilizo nyuma ya taa.

Glovu za mpira zitanikinga na umeme huo?

Hapana. Glovu nyembamba za gerejini au za hospitalini hazikutengenezwa kuzuia volti 25,000. Kinga yako ni betri iliyochomolewa. Glovu safi za pamba au za naitrili unazivaa kwa ajili ya kioo cha balbu, yaani mafuta ya ngozi yasikiguse.

Miwani ya kinga ndiyo isiyo na mjadala. Kibomba cha xenon kina presha kubwa hata kikiwa baridi, na kikiwa cha moto presha hiyo hupanda mara nyingi zaidi. Kikivunjika hakidondoki, kinatawanyika. Miwani ya kusomea haina ubavu wa kuzuia vipande hivyo.

Kwa nini kioo cha balbu kisiguswe?

Mafuta ya vidole huungua kioo kikipata moto na kuacha doa. Doa hukusanya joto sehemu moja, na kioo hudhoofika au kupasuka. Shika balbu kwenye kitako. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha.

Taa ya upande mmoja haiwaki. Nipime vipi?

Anza na fyuzi, kisha hamisha balbu. Ukiwa umefuata hatua zote za kuchomoa betri, toa ya kulia weka kushoto na ya kushoto weka kulia. Tatizo likihama na balbu, balbu imekufa. Likibaki palepale, tazama balasti, kiwashio au nyaya. Njia hii haihitaji kifaa chochote, na inashinda kubahatisha kwa kununua.

Mita ya umeme unaweza kuitumia upande wa kuingia tu, pale volti 12 au 24 zinapofika kwenye plagi ya balasti, plagi ikiwa imechomolewa kwenye balasti. Upande wa kutoka, kati ya balasti na balbu, usiweke mita, testa wala bisibisi ya kupimia. Mita za kawaida huishia volti 600 au 1000. Ukiipelekea mpigo wa kuwashia itaungua, na njia ya karibu ya umeme huo kutoka hapo ni mkono wako.

Usijaribu kuona kama balasti ni nzima kwa kuigusisha waya kwenye bodi utazame cheche. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kwa plagi za injini, na tabia hiyo imehamia mahali pasipo pake.

Inawaka, inazima, nikiizima na kuiwasha inarudi. Ni nini?

Mara nyingi ni balbu iliyozeeka. Volti inayohitaji hupanda kadiri inavyochakaa, mpaka balasti inashindwa na kuikatia umeme kwa usalama. Dalili nyingine ni rangi kuelekea pinki au zambarau. Ukitazama plagi na kukuta plastiki imeyeyuka au pini zina kutu, usiisugue tu na kuirudisha: mguso mbovu hutoa cheche na joto, na nyuma ya taa kumejaa plastiki.

Kuiwasha na kuizima mara kumi mfululizo ukitumaini itashika kunaiua haraka zaidi. Kuwasha ndiko kunakoichosha balbu ya xenon kuliko hata kuwaka usiku kucha.

Nibadilishe moja au zote mbili?

Zote mbili. Balbu nzuri hudumu saa 2000 hadi 3000, na moja ikifa ya pili haiko mbali. Zaidi ya hapo, rangi na nguvu ya mwanga hubadilika kwa umri, na mpya kando ya iliyochakaa hulifanya gari liwe na macho mawili yasiyofanana.

Naweza kuijaribu mezani kabla ya kuifunga?

Usijaribu. Nje ya makazi yake balbu haina kinachozuia vipande ikipasuka, haina kinachokukinga na nyaya zake, na mwanga wake unakuingia machoni moja kwa moja. Mruko wa umeme pia hutoa miale ya urujuanimno. Kioo cha nje kimetengenezwa kuinyonya, kwa hiyo balbu iliyovunjika kioo cha nje na kubaki na kibomba cha ndani inaweza kuwaka kama kawaida huku ikiunguza macho na ngozi. Balbu ya namna hiyo ni takataka hata kama inawaka.

Hali kadhalika, usiwashe taa kabla ya kurudisha kifuniko cha nyuma. Kifuniko huzuia maji na vumbi, na pia huzuia vidole.

Kuziangalia taa hizi kunaharibu macho?

Kukutana nazo barabarani kunakupofusha kwa muda, hakuharibu jicho lenye afya. Jicho lililopigwa na mwanga mkali usiku huchukua muda kurudia kuona vizuri, na kulizoea giza kabisa huchukua hata dakika 20 au zaidi. Muda huo wote gari linaendelea kwenda.

Gerejini ni tofauti, maana unakuwa umbali wa mkono. Usiikazie macho taa inayowaka ili kuona kama lenzi ni safi. Tazama mwanga ukutani. Ukitaka kukagua ndani, izime na utumie kurunzi pembeni.

Balbu imevunjika mikononi mwangu. Ina sumu?

Tazama aina. D1 na D2 zina zebaki, kiasi cha nusu miligramu hivi. D3, D4 na zile za wati 25 hazina. Umoja wa Ulaya uliifunga ruhusa ya balbu zenye zebaki kwa aina mpya za magari zilizoidhinishwa kuanzia Julai 2012, lakini balbu za kubadilishia kwa magari ya zamani bado zipo, basi usidhani kwamba mpya dukani maana yake haina zebaki.

Nusu miligramu si ya kumfanya mtu akimbie akipiga mayowe. Ni ya kumfanya afungue milango na madirisha, awatoe wengine, na asubiri robo saa kabla ya kurudi, hasa kama balbu ilikuwa ya moto, kwa kuwa zebaki yake ni mvuke. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, vile vidogo uvibandue kwa gundi ya utepe, kisha futa kwa kitambaa chenye maji. Tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Usitumie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, maana vyote viwili hutawanya. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kugusa uso au chakula.

Nina taa za halojeni. Kuna ubaya gani nikifunga seti ya xenon?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu letu ni usifunge. Kiakisi cha taa ya halojeni kimechongwa kwa ajili ya waya mdogo ulio mahali maalumu, kwa usahihi wa sehemu za milimita. Mruko wa umeme wa xenon una umbo jingine, umepinda, na mng'ao wake haukai palepale. Kiakisi hakijui kwamba umebadilisha balbu. Kinautupa mwanga kama kilivyochongwa, na mwingi unakwenda juu ya mstari uliopaswa kuukata.

Dereva mwenye gari huona mwanga mwingi mbele ya pua ya gari na kuridhika. Kumbe kule mbali, anakohitaji kumwona mtembea kwa miguu, huenda haoni zaidi ya mwanzo, kwa sababu mng'ao wa karibu unayafanya macho yake yajibane. Anayekuja upande wa pili haoni chochote kabisa. Ndiyo maana Marekani, kupitia mamlaka yake ya usalama barabarani NHTSA, ilieleza kwamba seti hizo haziwezi kutimiza kiwango cha taa cha FMVSS 108, na nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa huzichukulia kuwa zimeibatilisha idhini ya taa.

Kwa fundi kuna tatizo la ziada. Balasti za seti hizi hufungwa kwa utepe popote palipo na nafasi, nyaya zake hupita karibu na feni au bomba la moto, na kibandiko cha onyo hakipo. Fundi anayekuja kesho kubadilisha betri anagusa waya wa maelfu ya volti akidhani ni wa halojeni. Ukiletewa gari la namna hiyo, lichukulie kama la xenon kamili kwa hatua zote zilizotajwa hapo juu.

Na balbu za LED za kuchomeka mahali pa halojeni?

Hazina volti kubwa, lakini hoja ya kiakisi iko palepale. Baadhi zimetengenezwa kwa uangalifu mpaka zikakubaliwa: Ujerumani ilianza kuruhusu balbu fulani mwaka 2020, kila moja kwa orodha ya magari yake. Balbu isiyo kwenye orodha ya gari lako haina ruhusa hiyo hata kama kiwanda ni kile kile.

Nipangeje mwelekeo wa taa baada ya kazi?

Wengi huiruka kazi hii, ilhali ndiyo inayomhusu kila atakayekutana nawe njiani. Karibu na taa au chini ya boneti kuna alama ya taa na asilimia, kwa mfano 1.0%. Maana yake mwanga wa chini ushuke sentimita 1 kwa kila mita 1, yaani sentimita 10 kwa mita 10.

Tafuta sakafu tambarare kweli na ukuta ulionyooka. Magurudumu yawe na upepo unaotakiwa, mizigo itolewe, na mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Pima urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya taa, uweke alama ukutani kwa urefu huo, kisha chora mstari wa pili chini yake. Gari likiwa mita 10 kutoka ukutani na alama ikiwa 1.0%, mstari huo uwe sentimita 10 chini. Washa mwanga wa chini. Ukingo wa juu wa mwanga, ile sehemu iliyonyooka, ukae kwenye mstari wa pili. Funika taa moja wakati unapanga nyingine, kwa kitu kilichosimama mbele yake; usitandaze kitambaa juu ya kioo kinachopata joto.

Ukingo hupanda upande mmoja ili kumulika pembeni mwa barabara. Upande huo lazima uwe ule magari yanakoendeshwa. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia ikitumika panapoendeshwa kushoto, mkunjo huo unamwangukia anayekuja. Kwenye taa za E, mshale kwenye kioo huonyesha kwamba taa ni ya kuendesha kushoto, na mshale wenye ncha mbili ni wa pande zote. Hili haliponi kwa kuzungusha skrubu za kupangia taa.

Magari mengi ya xenon hujipanga yenyewe kwa vihisio vilivyo kwenye mikono ya magurudumu. Kama ulichomoa kihisio, ulibadilisha springi au ulitoa taa nzima, huenda ikahitajika mashine ya uchunguzi kuliambia gari sifuri iko wapi. Kuzungusha skrubu bila hilo ni kupanga kitu kitakachojipangua.

Kioo kimekuwa cha njano. Kukisugua kuna hatari?

Hatari ni ndogo, uharibifu ni mkubwa ukikosea. Kioo hicho kwa kawaida ni polikaboneti, plastiki ngumu. Asetoni, petroli na tina hukipasua nyufa ndogo ndogo. Sugua kwa msasa wa maji kuanzia wa kukwaruza hadi laini sana, taa ikiwa imezimwa na baridi, ukiwa na miwani na barakoa, kisha upake vanishi angavu ya kuzuia miale ya jua. Usipoipaka, unjano utarudi upesi.

Ukungu mwembamba ndani baada ya baridi ni kawaida na huondoka. Maji yaliyotuama si kawaida, hasa kwenye xenon ambayo balasti yake iko chini ya taa hiyo hiyo. Usiiwashe mpaka ujue yanakoingilia. Na unapoosha injini, usielekeze maji ya presha nyuma ya taa.

Taa za LED na leza za kiwandani nazo ni hatari?

LED haina mpigo wa maelfu ya volti, lakini baadhi ya moduli zake zina volti zinazozidi za betri, chuma chake cha kupozea huunguza, na umeme tuli wa mwili wako unaweza kuiua chipu kabla hujaona kitu. Mwanga wake unatoka kwenye kidoa kidogo mno, kwa hiyo usiukazie macho kwa karibu. Nyingi zimefungwa moja kwa moja: ikifa, hubadilishwa moduli au taa nzima.

Leza ilifika kwenye magari ya kununuliwa na umma mwaka 2014. Miale ya buluu hupiga kemikali inayong'aa, na kinachotoka nje ni mwanga mweupe wa kawaida. Ndani ya makazi hayo, leza bado ni leza. Usiyafungue.

Gari ni la haibridi au la umeme. Kuna tofauti?

Taa bado zinatumia umeme wa betri ndogo ya volti 12, na hiyo ndiyo unayoichomoa. Nyaya nene za rangi ya machungwa ni za mamia ya volti na haziihusu taa. Zikiwa njiani, simamisha kazi umtafute fundi aliyesomea magari hayo.

Mwenzangu amepigwa na umeme wa taa. Nifanye nini?

Usimshike kwanza. Zima taa kwa swichi au chomoa betri. Usipoweza, msogeze kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme kama ubao au mpini wa ufagio. Akiwa hana fahamu na hapumui kawaida, piga simu ya dharura na uanze kumkandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Akiinuka na kusema yuko sawa, aende hospitali vilevile, hasa kama umeme uliingia mkono mmoja na kutokea mwingine, maana ulipita kifuani. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Aliyeungua, mwagilia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila siagi wala dawa ya meno. Aliyeingiwa na kipande cha kioo jichoni asisugue na asikitoe. Lifunike bila kulibana, aende kwa daktari.

Balbu za zamani nitupe wapi?

Usizitupe kwenye pipa la kawaida. Irudishe kwenye boksi la ile mpya ili isivunjike, uipeleke panapopokelewa taa za mirija na betri chakavu, au umwachie muuzaji kama anapokea. Balasti ni taka ya kielektroniki, inakwenda na simu na redio mbovu. Usiivunje kuchukua shaba: ndani kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, na hujui ilichajiwa lini.